Kompyuta Kuukuu na Vitabu vya Ubatizo

Pengine mtashangaa kuona gazeti la jamaa likiandika habari za diski za kompyuta. Mkulima wa tumbaku wa Urambo na mrina asali wa Sikonge watauliza: mambo hayo yatuhusu nini sisi? Yawahusu sana, maana majina yenu yamo humo.

Mapadre Weupe walifika Tabora mwaka 1878, wakitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo kwa njia ile ile ya misafara ya pembe na merikani. Katika parokia zote zilizozaliwa baadaye, watu waliandikwa kitabuni: ubatizo, ndoa, mazishi. Hiyo si hiari ya padre. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, yaamuru vitabu hivyo viwepo na vitunzwe vizuri, tena yaamuru kwamba kipaimara na ndoa ya mtu viandikwe kando ya jina lake katika kitabu cha ubatizo. Kwa hiyo kijana wa kwetu anayetaka kufunga ndoa Mwanza au Dar es Salaam hana budi kupata cheti kutoka parokia alikobatizwa. Na mzee asiye na cheti cha kuzaliwa, akienda kuomba aandikishwe, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya karatasi zimsaidiazo. Mchwa wakikila kitabu hicho, au mvua ikipenya kwenye bati la ofisi, mzee yule ataonyesha nini?

Ndiyo sababu parokia kadhaa zimeanza kupiga picha vitabu vya zamani, ukurasa kwa ukurasa, na kuzihifadhi katika kompyuta. Ni kazi njema. Lakini kompyuta zenyewe mara nyingi ni za kupewa, zimekwisha kufanya kazi miaka mingi kwa mwenyewe wa kwanza. Picha zikiwa ndani ya mashini moja tu, tena kuukuu, bado hatujaokoa kitu. Sharti zinakiliwe katika diski ya pili. Hapo ndipo taabu huanza. Karani huchomeka diski, huanza kunakili, naye huambiwa na mashini kwamba kazi itamalizika baada ya saa kumi na moja. Umeme hukatika saa ya nne. Kesho yake aanza upya. Wiki ijayo amechoka, na picha zabaki pale pale.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme parokia ina picha 10,000, na kila picha ina megabaiti 4. Jumla ni megabaiti 40,000, yaani gigabaiti 40. Je, hizo zapita kwa mwendo gani?

Kwanza tazama tundu, si diski. Matundu yale tunayoyaita USB si ya namna moja ingawa yafanana kwa sura. Aina ya 1.1, iliyotoka mwaka 1998, hupitisha megabiti 12 kwa sekunde. Angalia neno hilo: megabiti, si megabaiti. Baiti moja ni biti nane, na wauzaji hupenda kutaja biti kwa kuwa hesabu yake huonekana kubwa. Basi 12 zile ni megabaiti moja na nusu tu, na kwa kweli hupatikana kama moja. Picha zetu zitachukua sekunde 40,000, yaani saa 11 na dakika 6. Aina ya 2.0 ya mwaka 2000 hupitisha megabiti 480. Kwa kazi halisi tuhesabu megabaiti 30 kwa sekunde. Mzigo ule ule utakwisha kwa dakika 22.

Wazee wetu waliijua habari hii kabla ya kompyuta. Msafara uliotoka Unyanyembe kwenda Ujiji ulikuwa na wapagazi hodari wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Lakini ulipofika mto Malagarasi, nguvu za miguu hazikufaa kitu. Mitumbwi ikiwa michache, msafara mzima hukaa ukingoni ukingoja. Kuongeza wapagazi hakukupunguza saa hata moja. Vivyo hivyo mtu anunuaye diski mpya ya USB 3.0, aina iliyoanza mwaka 2008, akaichomeka katika tundu la zamani, amenunua wapagazi na mtumbwi ni ule ule. Diski itafanya kazi, ila kwa mwendo wa tundu.

Ikiwa mashini yako ni ya kukaa mezani, fundi aweza kuongeza kadi ndogo ya matundu ya USB 2.0 ndani yake. Hiyo si ghali kama mashini mpya. Pia jaribu matundu ya nyuma kabla ya yale ya mbele, maana diski ndogo isiyo na waya wake wa umeme hula umeme wa tundu, na tundu dhaifu, au kile kigawanyio cha kuunganisha vitu vinne mahali pamoja, hakiishibishi. Diski isiyoshiba huzimika na kuwaka, nayo hunakili kwa kukwama kwama. Nimewaona watu wakilaumu diski nzima kabisa kwa kosa la kigawanyio.

Sasa, kama tundu ni zuri na bado mwendo ni wa kinyonga, tazama ndani. Katika kompyuta za zamani diski huunganishwa na ubao mkuu kwa waya bapa, mpana kama utepe. Njia hiyo huitwa IDE. Hapa pana jambo moja ambalo hata mafundi wengine hulisahau, nami nitalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu ndilo linalodanganya wengi.

Diski ya namna hiyo ina desturi mbili za kupeleka mizigo. Desturi ya kwanza huitwa DMA: diski yapeleka data moja kwa moja katika kumbukumbu ya mashini, na prosesa, ambayo ndiyo akili ya kompyuta, yaendelea na shughuli zake. Desturi ya pili, ya kale zaidi, huitwa PIO: prosesa yenyewe yabeba kila kipande. Ni kama mkuu wa msafara aache kuongoza njia, ashike mizigo mwenyewe, mmoja mmoja. Mashini iliyo katika PIO hujulikana upesi: ukianza kunakili, mshale wa kiwambo hukwama, muziki hukatika katika, na kila kitu huwa kizito. Mwendo huwa pengine megabaiti 3 au 4 kwa sekunde, ijapokuwa diski yenyewe yaweza 30 au zaidi.

Lakini kwa nini mashini iliyokuwa na DMA ikaanguka katika PIO? Windows XP, ambayo bado imo katika kompyuta nyingi kuukuu ingawa Microsoft waliacha kuitunza mwezi wa Aprili 2014, huhesabu makosa ya uchukuzi. Yakifika sita, hushusha mwendo daraja moja. Yakizidi, hushusha tena, hata ifike PIO. Nia yake ni njema, kuilinda data isiharibike njiani. Ubaya ni kwamba haipandi tena yenyewe. Umeme wa kuyumba au waya uliolegea kwa siku chache waweza kuifunga mashini katika mwendo wa pole kwa miaka mitano, na mwenyewe akadhani ni uzee tu.

Dawa ni hii. Zima mashini, chomoa umeme, fungua kisanduku, uondoe vumbi kwa brashi laini. Tazama ule waya bapa. Ukiwa na nyuzi nene 40 ni wa zamani mno, haupiti megabaiti 33 kwa sekunde. Tafuta wenye nyuzi nyembamba 80, usiozidi sentimita 45 kwa urefu. Ncha ya buluu huingia katika ubao mkuu, ncha nyeusi katika diski. Kisha washa, ingia katika orodha ya vifaa, ufute ile njia ya kwanza ya IDE, uwashe mashini upya. Windows itaitambua njia upya na kuanza tena na DMA, na hesabu ya makosa hufutika. Ikirudi PIO baada ya siku chache, waya au diski ni mgonjwa kweli, wala usiendelee kuifuta kila wiki.

Liko tena jambo la hongo. Misafara ilipopita Ugogo ilisimamishwa kwa kila mtemi, ikalipa nguo na shanga ndipo ipite. Programu ya kukinga virusi hufanya hivyo kwa kila faili. Faili moja kubwa hulipa mara moja. Mafaili madogo elfu kumi hulipa mara elfu kumi, na diski yenyewe hukimbiza mkono wake huku na huko kuyatafuta. Kwa hiyo yafaa kufunga picha za kitabu kimoja katika furushi moja. Mimi sipendi furushi moja la vitabu vyote, kwa sababu likiharibika vimeharibika vyote. Tena baadhi ya diski hutoka dukani zikiwa zimepangwa kwa namna iitwayo FAT32, ambayo haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi. Kinga ya virusi isizimwe ovyo: kagua mashini nzima siku moja kabla, chomoa intaneti, isimamishe kwa muda wa kunakili tu, kisha uirudishe.

Ikiwa diski yalia tik-tik, au baadhi ya picha hazifunguki, acha maagizo yote niliyoyataja juu. Usiipange upya, usiifanyie ukaguzi wa usiku kucha. Kila saa inayozunguka yaweza kuwa ya mwisho. Nakili vitabu vya ubatizo kwanza, kwa maana ndoa na kipaimara vimeandikwa humo humo kando ya majina. Vya ndoa vifuate, na picha za sherehe za jubilei zingoje.

Na ikiwa njia imeziba kabisa? Mwaka 1871 Mirambo alipofunga njia ya Ujiji kwa vita vyake na Waarabu wa Tabora, Stanley hakungoja ifunguliwe. Alitoka Kwihara mwezi wa Septemba, akazunguka kusini kwa pori refu, akafika Ujiji na kumkuta Livingstone. Diski ya kompyuta hutoka kwa misumari minne ya kuzungusha. Fundi aweza kuitoa, kuiunganisha kwa kifaa kidogo na kompyuta mpya ya mtu mwaminifu, na picha zote zikahamishwa kabla ya chakula cha mchana. Nasema mtu mwaminifu, maana vitabu hivyo vina siri za watu: nani alizaliwa nje ya ndoa, nani alibatizwa kabla ya kufa. Visipelekwe katika duka la kuchapisha picha sokoni.

Vitabu vya karatasi visitupwe hata kidogo. Picha ni msaidizi wa kitabu tu. Na diski ya pili isilale katika kabati moja na kompyuta, kwani mwizi mmoja au moto mmoja atachukua vyote. Ifungwe katika nailoni isiingie vumbi, iandikwe kwa kalamu tarehe na vitabu vilivyomo, itunzwe katika nyumba nyingine ya Kanisa. Kabla ya kuifunga, mtu asiyenakili afungue picha kama ishirini hapa na pale, aone kama majina yasomeka.