Mzinga wa Rufiji Uliotawala Ziwa Tanganyika

Kwa miongo mingi, watu wa Karema na Ikola, mkoani Katavi, waliijua Liemba kama meli ya abiria na mizigo. Mwaka 1915, chini ya Wajerumani, meli hiyo iliitwa Graf von Götzen, na juu yake ulifungwa mzinga ambao haukuwa na mpinzani katika ziwa lote.

Mzinga huo ulitoka bahari ya Hindi. Manowari ya Kijerumani ya Königsberg, iliyokuwa na mizinga 10 ya milimita 105, ilijificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa na Waingereza Julai 11, 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga hiyo kutoka kwenye mabaki, na wapagazi wa Kiafrika wakaikokota hadi Dar es Salaam. Jasho lao ndilo lililoirudisha vitani.

Hapo kazi ya ufundi ikaanza. Mzinga wa manowari hukaa juu ya mhimili uliokazwa kwenye sitaha, na uzito wa meli ndio unaopokea kishindo cha kurudi nyuma kila unapofyatuliwa. Nchi kavu, ambako mizinga hiyo ingetumika sasa, hakuna sitaha. Karakana za Dar es Salaam zikalazimika kuunda vibebeo vya magurudumu, vyenye nguvu ya kustahimili kishindo hicho.

Mzinga mmoja, hata hivyo, ulisafirishwa kwa reli, kilomita zipatazo 1,250, hadi Kigoma, ukakazwa tena melini, juu ya Götzen.

Ubora wake ulikuwa katika umbali. Uliweza kurusha kombora kilomita 12 hivi, wakati Mimi na Toutou, boti mbili za Waingereza ziwani, zilibeba mizinga midogo ya milimita 47. Boti hizo ziliteka meli ya Wajerumani ya Kingani Desemba 26, 1915, na Mimi ikasaidia kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 9, 1916. Götzen ilipojitokeza, kamanda wa boti hizo, Geoffrey Spicer-Simson, alikataa kuishambulia.

Mwaka 1916 mzinga ulishushwa ukatumike nchi kavu, na mahali pake ukawekwa wa mbao. Julai 26 mwaka huo Wajerumani wenyewe waliizamisha meli. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Anayetaka kuona ndugu wa mzinga ule atamkuta mmoja Fort Jesus, Mombasa.