Upele Usiowasha

Upele wa kawaida haujifichi. Mtu hujikuna usiku kucha, vipele hutoka katikati ya vidole na kiunoni, na baada ya wiki chache nyumba nzima inajikuna. Aina yake kali, upele wa magamba, huwapotosha hata wahudumu wa afya, kwa sababu mgonjwa anaweza asiwashwe kabisa. Ngozi yake huwa nene, ikajaa magamba ya kijivu yanayopasuka kwenye vidole, viwiko, kichwani na chini ya kucha.

Mdudu ni yule yule: utitiri anayechimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai mawili au matatu kwa siku. Tofauti iko kwenye mwili alioingia. Muwasho hutokana hasa na kinga ya mwili kupambana na mdudu, mayai yake na kinyesi chake. Mwenye kinga imara hubaki na wadudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Kinga ikidhoofishwa na VVU, saratani ya damu, dawa za waliopandikizwa figo au steroidi za muda mrefu, idadi hupanda hadi maelfu, hata mamilioni, na muwasho ukawa hafifu. Madaktari Danielssen na Boeck waliieleza hali hii mwaka 1848 kwa wagonjwa wa ukoma nchini Norway, ndiyo maana wengine huiita upele wa Norway.

Magamba hayo hufanana na soriasisi au ukurutu, kwa hiyo mgonjwa huandikiwa krimu ya steroidi. Wekundu hupungua siku chache, kumbe kinga ya ngozi nayo imeshushwa na wadudu wanazidi kuzaliana. Nikionyeshwa “soriasisi” iliyozuka kwa mtu mwenye chembe chache za kinga za CD4, humgeukia kwanza ndugu anayemuuguza: “Na wewe, mama, usiku huwashwi?” Mara nyingi anayejikuna ni yeye. Naye nesi anayetandika kitanda aulizwe pia.

Uthibitisho hauhitaji mashine ya gharama. Gamba hukwanguliwa taratibu kwa wembe wa maabara, likawekwa juu ya kioo pamoja na tone la potasiamu haidroksaidi ili lilainike, kisha likatazamwa kwa hadubini. Kwenye upele wa kawaida unaweza kukwangua mara kadhaa usione kitu. Hapa kipande kimoja huonyesha wadudu wa mviringo wenye miguu minane mifupi, na mayai yaliyosongamana. Asiyejua hali yake ya VVU apimwe siku hiyo hiyo.

Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, maana haipenyi magamba. Mgonjwa hupewa ivermectin, ile ile inayogawiwa vijijini dhidi ya ugonjwa wa usubi, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 humeza miligramu 12, pamoja na chakula. Dawa hiyo haiui mayai, hivyo hurudiwa kuwavizia wanaoanguliwa: siku ya 1, 2, 8, 9 na 15, na hali ikiwa mbaya sana, siku ya 22 na 29. Wajawazito, watoto wa chini ya kilo 15, na wakazi wa misitu ya Afrika ya Kati yenye mnyoo wa loa loa wanahitaji uamuzi wa daktari kwanza.

Sambamba na vidonge hupakwa permethrin ya asilimia 5 au benzyl benzoate mwili mzima, kichwa kikiwemo, kila siku kwa wiki ya kwanza. Krimu ya asidi ya salisili au ya urea hulainisha magamba. Kucha zikatwe hadi mwisho. Wahenga walimhurumia aliyepewa upele akakosa kucha, lakini kwa mgonjwa huyu kukosa kucha ni nafuu, kwani chini yake ndimo wadudu hubaki wakati ngozi inaonekana safi.

Mipasuko ya ngozi ni hatari kuliko inavyoonekana: bakteria hupitia humo hadi kwenye damu, na hilo ndilo linaloua. Homa isisubiriwe nyumbani.

Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi, na wote wa nyumbani watibiwe siku moja, hata wasiojikuna. Aliyeanza ARV aambiwe mapema kwamba muwasho unaweza kuanza kinga inaporudi, asije akaacha vidonge. Kabla ya kusimamisha tiba, magamba yakwanguliwe tena na kupelekwa maabara.