Dirisha na Picha: Mapendeleo ya Mwono katika Programu za Kuhariri Picha

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mapendeleo ya dirisha na usogezaji yanavyofanya kazi katika programu za kuhariri picha, na kuonyesha kwamba kitenzi "kusogeza" kimebebeshwa maana mbili ambazo mtumiaji hana budi kuzitenganisha. Mfano unaotumika ni picha ya satelaiti ya Munigi, kaskazini mwa mji wa Goma, Kivu ya Kaskazini.

Munigi iko kwenye mteremko ulio baina ya volkano ya Nyiragongo na Goma. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka upande wa kusini wa mlima zikateremka hadi karibu na Munigi. Lava ikaingia mjini na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na safari hii lava ilikomea kwenye viunga vya kaskazini vya mji. Kwa hiyo, mwanafunzi anayechora mpaka wa lava juu ya picha hafanyi kazi ya pambo. Mstari wake unaweza kuwa hoja ya mahali pa kujenga nyumba au shule.

Tatizo la kwanza ni ukubwa. Kipande kimoja cha picha za satelaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, kina pikseli 10,980 kwa 10,980, na kila pikseli huwakilisha mita 10 za ardhi. Kioo cha kompyuta chenye pikseli 1,920 kwa 1,080 huonyesha takriban sehemu moja tu kati ya 58 za kipande hicho. Kutoka kreta ya Nyiragongo hadi ufuko wa Ziwa Kivu ni kilomita 18 hivi, yaani pikseli 1,800. Basi, picha ikitazamwa kwa asilimia 100, kreta na ufuko haviwezi kuonekana pamoja. Ikipunguzwa hadi asilimia 50, umbali huo huwa pikseli 900 na waweza kuingia kiooni, lakini nyufa nyembamba hufifia.

Ndipo mapendeleo yanapohitajika. Katika programu ya GIMP, ambayo hupatikana bila malipo, sehemu ya mapendeleo inayohusu madirisha ya picha humwezesha mtumiaji kuamua kama picha ifunguliwe kwa ukubwa wake kamili au ipunguzwe ienee dirishani. Humwezesha pia kuamua kama dirisha litanuke kila picha inapokuzwa. Kwa picha kubwa yafaa kuanza na mwono mzima, kisha kukuza. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, madirisha yote yaweza kuunganishwa kuwa moja, na jambo hili huwafaa wenye vioo vidogo.

Gurudumu la kipanya hupandisha na kuteremsha mwono. Likizungushwa huku kitufe cha Shift kimebanwa, mwono huenda kando. Kwa kitufe cha Ctrl, picha hukuzwa au kupunguzwa. Aidha, kidirisha cha urambazaji huonyesha picha nzima kwa udogo, pamoja na mstatili unaotaja mahali mtumiaji alipo.

Pendeleo linalotaka uangalifu zaidi ni la upau wa nafasi. Laweza kuwekwa liburute mwono, au liite zana ya kuhamisha tabaka. Katika hali ya kwanza picha haibadiliki hata kidogo. Katika hali ya pili tabaka lenyewe huhama: likienda pikseli 20 tu, mpaka wa lava huwa umehamishwa mita 200 ardhini, na nyumba iliyofunikwa huonekana imesalimika.

Kwa Kiswahili, matendo yote mawili huitwa "kusogeza". Mwalimu akisema "sogeza picha kuelekea Munigi", mwanafunzi hana njia ya kujua ni lipi linalokusudiwa. Yafaa basi "kusogeza" kuachiwe tabaka, kwa kuwa kitu kinachosogezwa hubadili mahali pake. Na kwa mwono litumike "kutembeza dirisha", kwa kuwa picha hutulia na jicho ndilo lisafirilo. Istilahi zikitenganishwa hivyo, maelekezo darasani yatakuwa wazi, na ramani itabaki mwaminifu kwa ardhi inayoichora.