Fahamu: Kinga ya kinywani wakati wa tiba ya mionzi

Ni nini?
Ni kifaa kinachotengenezwa kwa umbo la kinywa cha mgonjwa, ili mionzi inayolenga saratani isidhuru tishu zenye afya.

Hufanyaje kazi?
Saratani ya mdomo wa nje ikitibiwa kwa mionzi ya elektroni, bamba la madini ya risasi huwekwa kati ya mdomo na fizi. Elektroni zenye nishati ya MeV 6 huhitaji bamba lenye unene wa takriban milimita 3. Bamba hufunikwa kwa nta au akriliki, kwani risasi hurudisha baadhi ya elektroni mdomoni.

Kwa nini ni muhimu?
Mionzi huweza kusababisha vidonda, ukavu wa kinywa, hata kufa kwa mfupa wa taya.

Mipaka yake
Eksirei zenye nguvu kubwa hupenya bamba jembamba. Hapo ulimi au taya husogezwa kando kwa kifaa maalumu.