Mbwa wa muda akiondoka, usimdanganye mtoto

Mara nyingi huanza hivi. Jirani amehamishiwa Dodoma kikazi na bado hajapata nyumba yenye uzio. Anaiomba familia moja ya Mwenge imtunzie mbwa wake kwa wiki mbili tatu. Wiki zinageuka miezi minne. Watoto wanamzoea mbwa, wanamwekea ugali na dagaa kila jioni, naye anawasubiri getini muda wa kutoka shule. Kisha simu inaita: mwenyewe amepata nyumba, anakuja Jumamosi kumchukua.

Hapo wazazi wengi hufanya jambo moja. Wanasubiri watoto waende shule, mbwa anapakiwa kwenye gari, na jioni watoto wanaambiwa ametoroka. Mzazi anaamini amewaepusha na machozi. Kumbe amewaongezea mzigo.

Huzuni isiyopewa nafasi

Mtoto akimlilia babu aliyefariki, nyumba nzima humbembeleza. Akimlilia mbwa aliyerudishwa kwa mwenyewe, huambiwa “ni mbwa tu, tena hakuwa wako”. Mwaka 1989 mtaalamu wa masuala ya majonzi wa Marekani, Kenneth Doka, alihariri kitabu kuhusu huzuni za aina hii, ambazo jamii haizitambui wala haizipi pole. Hoja yake ni kwamba huzuni isiyotambuliwa haitoweki, bali mwenye nayo hubaki nayo peke yake.

Na mazoea hayo yana msingi ndani ya mwili. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha katika jarida la Science matokeo yanayoonyesha kuwa mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili. Ni homoni ileile inayohusika mama anapomnyonyesha mtoto wake. Kwa hiyo hata katika nyumba ambayo mbwa haingii ndani, iwe ni kwa sababu ya dini au mazoea ya familia, mtoto anayempelekea chakula kila siku anaweza kumpenda kwa dhati.

Kwa nini “ametoroka” inaumiza

Mtoto mdogo ambaye hajaanza shule bado haelewi vizuri maana ya “hatarudi tena”. Atauliza leo, kesho na keshokutwa. Usimkaripie, mjibu vilevile kila mara.

Watoto wa umri huo na wale wa miaka ya mwanzo ya shule ya msingi wana tabia nyingine: hujitwika lawama. Ukimwambia mbwa ametoroka, atajiuliza ni kwa sababu alimvuta mkia, au kwa sababu jana alisahau kumpa maji. Ataenda kumtafuta uchochoroni. Ukimwambia amekufa, siku akisikia jirani anasema kwenye simu kuwa mbwa wake hajambo, atajua kwamba mama na baba husema uongo jambo linapokuwa zito. Siku utakayohitaji akuamini kuhusu ugonjwa au msiba, atakumbuka.

Mwandae mapema

Siku mbwa anapofika, waambie watoto: “Huyu ni mgeni wetu. Ana mwenyewe, na siku moja atarudi kwake.” Tarehe ikijulikana, waonyeshe kwenye kalenda. Siku chache zinatosha kwa mdogo. Mkubwa anaweza kuambiwa mapema zaidi.

Mpe kila mtoto kazi ya kuaga. Mmoja anaweza kufungasha bakuli na mnyororo. Anayejua kuandika amwandikie mwenye mbwa maelezo: anapenda kula nini, anaogopa radi, jina gani la utani limemkaa. Mpigeni picha pamoja. Mtoto awepo mbwa anapoondoka kama anataka, lakini asilazimishwe kumshika wala kutabasamu.

Usiahidi safari ya Dodoma kama nauli haipo. Ahidi unachoweza, kwa mfano kuomba picha kwa WhatsApp. Pia usikimbilie kuleta mbwa mwingine wiki hiyohiyo ili kufuta machozi. Mtoto anaweza kujifunza kwamba anayeondoka huzibwa pengo haraka na kusahauliwa.

Mbwa naye huhama

Mbwa anayebadilishiwa nyumba anaweza kukataa chakula au kulia usiku kwa siku za mwanzo. Mpeni kitambaa alichokuwa akilalia, chenye harufu anayoijua, na mweleze mwenyewe chakula alichozoea ili kisibadilishwe ghafla. Kadi ya chanjo iondoke naye. Kama hajachanjwa kichaa cha mbwa, mpelekeni kwa daktari wa mifugo kabla ya safari, na watoto wajue kwamba hiyo ni sehemu ya kumpenda.

Akishaondoka

Kwa siku kadhaa mtoto anaweza kukosa hamu ya kula, kulalamika tumbo linauma, kuwa mkali kwa wadogo zake au hata kukojoa kitandani. Mara nyingi hali hiyo hupungua taratibu. Ikiendelea kwa wiki kadhaa, au akikataa kwenda shule na kucheza, mpeleke kituo cha afya na zungumza na mwalimu wake.

Kuna hatari moja ambayo wazazi huisahau. Mtoto aliyezoea mbwa mpole nyumbani, sasa anamkosa, ni rahisi kumsogelea mbwa yeyote anayezurura mtaani. Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na takriban asilimia 40 ya wanaoung’atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Mwambie wazi kwamba mbwa asiyemjua haguswi, hata akitikisa mkia. Aking’atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Na ajue kwamba akikwambia hatachapwa, kwa sababu mtoto anayeogopa fimbo huficha jeraha.

Mzazi pia ana moyo

Nchini Uingereza zipo familia zinazojitolea kulea watoto wa mbwa watakaofunzwa kuwaongoza wasioona. Huwalea kwa mwaka mmoja hivi, kisha huwarudisha kwa ajili ya mafunzo. Wanajua tangu siku ya kwanza kwamba wataagana, na bado siku ikifika hulia. Kujua mapema hakuondoi uchungu, ila kunaupa maana: mbwa anaondoka kwa sababu ana mahali pa kwenda, na sisi tulimtunza vizuri.

Baba au mama akihisi koo limekaba wakati geti linafungwa, hana haja ya kujificha jikoni. Aseme tu, “Hata mimi nitamkumbuka.” Mtoto akisikia hivyo, anajua kwamba kulia kwake si utoto, na kwamba katika nyumba hii mtu akiumia anaweza kusema.