Asilimia 30 ya Zabuni Inangoja Vikundi

Kikundi cha ushonaji cha Usa River au Tengeru kinachongoja tangazo la zabuni ubaoni kitangoja sana. Tangu Oktoba 2023 zabuni za umma hupitia mfumo wa NeST, chini ya PPRA. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inazitaka taasisi, zikiwemo halmashauri za Jiji la Arusha na Meru, zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ila kikundi kisichokuwemo katika mfumo hakihesabiwi. (Cherehani nzuri haitoshi!) Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, awaongoze kusajili kikundi halmashauri. Kisha mwombeni kijana anayejua kompyuta akae na katibu.