Kumwendeshea baiskeli ndugu mgonjwa: Mambo ya kupanga kabla ya safari

Katika miinuko ya Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, baiskeli imebeba karibu kila kitu: mikungu ya ndizi, magunia ya maharage, madumu ya maji, hata watoto wanaowahi shule. Imebeba wagonjwa pia. Kabla bodaboda hazijaenea, mama mjamzito au mtoto mwenye homa aliwekwa kwenye kiti cha nyuma, baba au kaka akakanyaga pedali kwenye tambarare na kushuka kusukuma kwenye mlima hadi zahanati.

Barabara hizohizo zimepitiwa na waendesha baiskeli wa aina nyingine. Tour d'Afrique, safari ya kutoka Cairo nchini Misri hadi Cape Town, Afrika Kusini, ilianza mwaka 2003. Ni karibu kilometa 12,000 na huchukua takriban miezi minne. Katika miaka ambayo njia yake ilishuka kupitia Rwanda na magharibi mwa Tanzania, msafara ulipita Kibondo na Kasulu, kwenye barabara ya udongo yenye vumbi kiangazi na utelezi masika.

Wapo wanaofanya safari ndefu za namna hiyo kwa ajili ya mama, mume au mtoto anayeumwa. Marafiki huahidi kiasi fulani cha fedha kwa kila kilometa, na mwendeshaji hupanda milima akijua anamfanyia kitu ampendaye.

Uchangishaji wa namna hiyo si mgeni nchini. Tangu mwaka 2002, GGM Kili Challenge imewakutanisha watu wanaopanda Mlima Kilimanjaro na wengine wanaouzunguka kwa baiskeli ili kuchangia mapambano dhidi ya VVU na Ukimwi. Leo kijana mwenye baiskeli, simu na ndugu mgonjwa anaweza kupata wazo hilo mwenyewe. Ni wazo jema. Lakini kilometa peke yake hazimtibu mtu, na familia inapaswa kukaa kwanza na kujibu maswali matatu.

Mgonjwa mwenyewe anasemaje?

Mfano mzuri ni wa Jane Tomlinson, mama wa watoto watatu kutoka Leeds, Uingereza. Mwaka 2000 aliambiwa saratani yake haiponi. Mwaka 2003 alipanda baiskeli ya watu wawili pamoja na kaka yake, wakaivuka Uingereza kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini magharibi. Mwaka 2006 aliivuka Marekani kwa baiskeli. Alifariki dunia Septemba 2007, akiwa amechangisha zaidi ya pauni milioni 1.8 kwa ajili ya misaada.

Katika safari ile ndugu hakumsemea mgonjwa. Walikuwa wote juu ya baiskeli moja, na mgonjwa ndiye aliyeamua ugonjwa wake utangazwe, na kwa ajili ya nini.

Si kila mgonjwa anataka hivyo. Wapo wanaopenda habari zao zibaki ndani ya ukoo. Bibi anaweza kukubali mchango wa majirani lakini asitake picha yake akiwa kitandani izunguke kwenye makundi ya WhatsApp. Kwa mtoto, mzazi awe mwangalifu zaidi. Picha inayowatia watu huruma leo, mtoto huyo anaweza kuikuta akiwa kidato cha pili, wenzake wakiipitisha darasani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Jina la kwanza na maelezo mafupi ya mahitaji yanatosha kuchangisha.

Fedha inakwenda kulipia nini?

Familia nyingi huchangisha kwa kutaja neno "matibabu" tu. Mgonjwa wa Kasulu akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, gharama nyingi hazionekani kwenye risiti ya hospitali. Kuna nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, kila kliniki. Kuna chumba na chakula cha anayemuuguza. Kuna shamba lililobaki bila kupaliliwa na watoto waliobaki kwa shangazi. Mwenye bima ya afya naye hukutana na mengi ya haya.

Ni vyema kuandika bajeti mapema, kwa mistari michache inayoeleweka. Fedha ya safari ya baiskeli, yaani matairi, chakula na malazi ya mwendeshaji, itengwe na ile ya mgonjwa, na wachangiaji waambiwe wazi. Mtu asiye mwendeshaji ashike daftari, na matumizi yatangazwe kila wiki kwenye kundi la familia. Familia ikubaliane pia fedha itakwenda wapi ikizidi, au mgonjwa akifariki kabla haijatumika. Swali hilo ni gumu kutamka mbele ya mgonjwa, lakini likiachwa, ndugu huligombania baada ya mazishi.

Nani anabaki nyumbani?

Hapa ndipo wengi husahau. Mara nyingi mwenye nguvu za kuendesha baiskeli wiki tatu ndiye huyohuyo anayemnyanyua mgonjwa, kumwogesha na kumpeleka kliniki. Akiondoka, mzigo humwangukia mama au dada mkubwa, naye hapigwi picha. Kama hakuna wa kushika nafasi yake, safari fupi ni bora kuliko ndefu. Kutoka Kibondo hadi Kasulu ni zaidi ya kilometa 100 za kupanda na kushuka. Kwa siku mbili au tatu, mwendeshaji atakuwa amefanya jambo la kuheshimika, na kabla ya wiki kuisha atakuwa amerudi kando ya kitanda.

Usalama nao usipuuzwe. Lami imerahisisha safari katika sehemu kubwa ya barabara hiyo, na pia imeongeza mwendo wa mabasi na malori. Kofia ngumu, koti linaloakisi mwanga na breki zilizokaguliwa na fundi ni vya lazima. Usiku ni wa kulala. Ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa na polisi wapewe taarifa kabla. Familia yenye mgonjwa mmoja haiwezi kumudu wa pili.

Watoto washirikishwe kwa kadiri ya umri wao. Anayejua hesabu anaweza kujumlisha kilometa za kila siku. Mdogo anaweza kumsomea babu ujumbe wa wachangiaji. Jioni, mwendeshaji apige simu nyumbani, na simu apewe kwanza mgonjwa, kabla ya kundi la WhatsApp.